Ng'ombe wa Matairi Manne

Pikapu ikishavuliwa magurudumu haiwi pikapu tena, inakuwa kibanda chenye usukani. Tharsisi alilijua hilo saa nne asubuhi ya siku ya gulio, uani kwa Mudathiri fundi matairi, pale Kasulu panapoanzia barabara ya Kibondo. Gari lake lilikuwa limekalishwa juu ya mawe na vipande vya magogo. Magurudumu yote manne yalikuwa yamelala vumbini kama mikate iliyoungua. Nyuma, chini ya turubai, mlikuwa na matenga kumi na nane ya nyanya za Kitanga, na nyanya zenyewe zilichumwa zikiwa zimeshaanza kuiva, maana dereva aliapa kwa mwenye mzigo kwamba zingefika Kibondo kabla ya adhuhuri.

Dereva huyo alikuwa amekaa ndani, ameshika usukani kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kuwa nao utavuliwa.

"Shuka, bwana," Mudathiri alimwambia. "Unaendesha kwenda wapi?"

"Najaribu honi."

"Inalia?"

"Inalia."

"Basi mshukuru Mungu. Ndicho kitu pekee kilichobaki kizima."

Alikuwa amekuja kwa ajili ya gurudumu moja tu. Kwenye mteremko wa kutoka Kitanga gurudumu la nyuma kushoto lilianza kulia kwi, kwi, kwi, na Tharsisi, anayezijua sauti zote za gari lile kama mama anavyojua vikohozi vya wanawe, akasema mlio huu si wa kawaida. Mudathiri akalitazama hilo moja, akaguna, akaomba la pili. Ukiona daktari aliyeitwa kupima homa anaomba na mkojo, anza kuaga watu. Ringi mbili zilikuwa zimepasuka kutoka tundu la nati hadi tundu la nati. Ya tatu ilikuwa imeshachomelewa mara mbili, na kovu moja lilikuwa limeanza kufunguka. Ya nne ilikuwa nzima, ila tairi lililovalishwa ringi hiyo lilikuwa kipara mpaka waya zinachungulia nje.

"Rudisha tu nifike Kibondo," Tharsisi aliomba. "Nitaenda polepole."

"Mimi nafunga magurudumu, kaka. Majeneza yana fundi wake kule nyuma ya soko."

Gari lenyewe watu waliliita Mstaafu. Lilikuwa na miaka thelathini na kitu, na rangi yake ilikuwa bluu enzi hizo. Tharsisi alilinunua likiwa maiti, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva, akalifufua kwa miaka miwili, kiungo kwa kiungo. Kabla ya hapo alikuwa ameendesha magari ya watu kwa miaka kumi na moja, na shule hiyo ilimfundisha somo moja tu lakini ikalifundisha vizuri: dereva wa gari la mtu, hata haja ndogo anajisaidia kwa ratiba ya tajiri. Ndiyo maana Mstaafu, pamoja na kikohozi chake na mlango wake unaofungwa kwa kamba ya katani, alikuwa na thamani ambayo hakuna dalali angeweza kuitaja. Kila asubuhi Tharsisi aliamka, akaliwasha, na hakuna aliyemwambia elekea wapi.

Sasa palitakiwa ringi nne na matairi manne, leo hii, kabla nyanya hazijageuka supu.

Mudathiri aliingia bandani akaanza kutoa bidhaa. Baba yake alihamia Kasulu kutoka Tanga na mzigo wa vitenge, na mtoto, ingawa aliangukia kwenye matairi, alibaki na ulimi wa duka la vitambaa.

"Hii hapa. Spoti. Itazame inavyong'aa. Ukipita nayo Kibondo wanawake watasahau bei ya unga."

Tharsisi alishuka, akaipima kwa macho, halafu akaisogeza hadi kwenye ekseli. Ringi ilikuwa pana, ikatokeza nje ya bodi kiganja kizima.

"Hii itanilia beringi kabla sijafika mtoni. Na nikipakia tani moja itapasuka kama sahani ya udongo."

"Nilitaka tu uione. Haya, hii je?"

Lilikuwa tairi la mtumba lenye kashata nene, vile vijumba vya mpira vinavyong'ata tope. Kwa macho lilikuwa jipya. Tharsisi alipiga goti, akalizungusha, akatafuta ubavuni ile namba ndogo ya tarakimu nne ambayo wauzaji wengi huomba Mungu mteja asiijue. Akaifuta vumbi kwa mate.

"Wiki ya thelathini na moja, mwaka elfu mbili na tisa."

"Limetunzwa."

"Mudathiri, hili tairi lingekuwa mtu lingekuwa sekondari." Alilibonyeza ubavuni, na nyufa ndogondogo zikafunguka kama midomo ya mtu mwenye kiu. "Kashata zote hizi ni meno ya bandia."

Mudathiri alicheka, maana hakuna kinachomfurahisha muuzaji wa mitumba kama mteja anayejua. Kisha akawa mkweli, jambo ambalo hulifanya mara moja kwa siku. Ringi sahihi zilikuwapo. Ringi nne za chuma, nyeusi, za matundu sita, zimetoka kwenye pikapu kama hii hii iliyochinjwa mwezi uliopita, pamoja na matairi yake yenye nusu ya maisha yaliyosalia. Zilikuwa kwa Hilali muuza vyuma chakavu. Kibondo.

"Kibondo," Tharsisi alirudia.

"Kibondo. Nikimpigia sasa, anazipakia kwenye basi la alfajiri. Kesho saa tatu upo barabarani."

"Yaani ili nifike Kibondo nahitaji magurudumu yaliyoko Kibondo."

"Mimi sikuumba dunia, kaka."

Simu ikalia. Alikuwa Bi. Mwamvua, mwenye nyanya, na sauti yake ilitoka kwenye simu bila kuhitaji spika.

"Tharsisi, umefika wapi?"

"Niko njiani, Bi. Mwamvua."

"Njiani wapi? Nasikia nyundo."

"Njiani... Kasulu."

"Kasulu! Wateja wangu wamesimama hapa na masado yao! Tharsisi, zile nyanya zikilala hata usiku mmoja, kesho nitazinywa kwa mrija!"

Simu haijapoa mkononi ikalia tena. Safari hii alikuwa Kezia, mkewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba habari njema.

"Baba Niyo, usihangaike. Nimesikia kwa mama wa jirani kwamba gari limevuliwa. Nimempigia baba. Kumbe yuko hapo hapo Kasulu, kaja gulioni. Kasema suala la matairi aachiwe yeye."

Tharsisi aliegemea bodi ya gari. Alihisi jua limesogea karibu.

"Kezia. Umemwambia nini baba yako?"

"Nimemwambia mkwe wake amekwama. Kwani hujakwama?"

Alikuwa amekwama. Ila kuna kukwama kwenye tope na kuna kukwama kwa Mzee Venanti.

Mzee Venanti wa Munanila alikuwa na ng'ombe, migomba, tangawizi na adabu kubwa. Hakuwahi kumfokea mtu. Hakuhitaji. Yeye alitoa. Miaka kumi na tisa iliyopita alimpa jirani yake, Pasikali, mtamba mmoja mwekundu, mbele ya watu, na tangu siku ile Pasikali hajawahi kuwa na Jumamosi yake mwenyewe. Anafyeka migomba ya mzee, anabeba mkoba wa mzee, analala kwenye misiba ya marehemu asiowajua. Yule ng'ombe alikufa mwaka wa tatu. Pasikali bado anakwenda.

Wakafika baada ya nusu saa. Bajaji ya mizigo iliingia uani ikaziba lango lote. Mbele alikaa mzee mwenyewe, kofia kichwani, fimbo kati ya magoti. Nyuma, akiwa amekumbatia magurudumu manne ili yasidunde, alikuwa Pasikali.

Yalikuwa mazuri. Hapo ndipo penye maumivu. Ringi za chuma, nyeusi, matundu sita, na matairi mapya kabisa ambayo bado yana vile vinywele vya mpira na harufu ya dukani. Tharsisi aliinama bila kujijua akasoma ile namba ya ubavuni: wiki ya arobaini ya mwaka jana. Mudathiri alipapasa kashata moja kwa dole gumba, taratibu, kama mtu anayepima hariri.

"Subhanallah," alisema. "Haya ni ya mzigo kweli."

Watu walikuwa wameshaanza kujaa. Siku ya gulio, pikapu juu ya mawe ni sinema. Mzee Venanti alishuka, akasubiri Pasikali ayapange magurudumu manne mstari mmoja, kisha akasogea akaweka kiganja juu ya lile la kwanza, pale pale ambapo angeweka kiganja juu ya mgongo wa ng'ombe.

"Tharsisi, mkwe wangu," alisema kwa sauti ya kufika hadi barabarani. "Mbele ya hawa wote, nakugabira."

Tharsisi alikuwa ameandaa maneno. Tangu simu ya Kezia alikuwa akiyapanga: baba nashukuru sana, ila nimeshaagiza mengine, baba usijisumbue. Maneno yalikuwapo, yamepangwa vizuri, yanangoja zamu. Lakini mtoto wa Kiha hafundishwi shukrani kichwani, anafundishwa mikononi, akiwa na miaka mitatu, mama akimshika viganja. Goti moja lilikunjika lenyewe. Viganja vikakutana vyenyewe, vimekunjwa kama kikombe, vikapiga taratibu, po, po, po. Kichwa kilipowasili na maneno yake, mikono ilikuwa imeshamaliza kushukuru, na watu wanaitikia.

Alibaki pale chini akiitazama mikono yake kama watoto waliomvunjia sahani ugenini.

"Mbona unanuna?" Mudathiri alimnong'oneza huku akiviringisha gurudumu la kwanza. "Mapya, ya bure, nyanya zinafika. Mimi baba mkwe wangu alinipa nasaha tu."

Pasikali ndiye aliyejibu. Alikuwa mtu mchangamfu, uchangamfu wa mtu aliyekwisha kuhesabu nguzo zote za boma akakuta hakuna pengo.

"Fundi, kukupa ni kukupa. Kugabira ni kukupa huku kamba nimeshika mimi. Ng'ombe analala kwako, maziwa unakunywa wewe, lakini nikiita unakuja."

"Si unamrudishia ng'ombe wake?"

"Ah! Aliyepewa harudishi. Kurudisha ni kumtemea mzee usoni. Ni mwenyewe tu anayeweza kumnyaga, kumchukua tena, kama umekataa kutumika."

"Na wewe hujawahi kukataa?"

Pasikali alifikiri, kwa unyofu kabisa. "Haijatokea siku nzuri," alisema.

Mudathiri alifunga nati ishirini na nne, akatoa mawe, akashusha jeki. Mstaafu alitua chini, akasimama wima kama askari mpya, na watu wakapiga vigelegele. Tharsisi aliingia, akawasha. Alikuwa hajafunga mlango wake kwa ile kamba, mlango wa upande wa pili ukafunguka. Mzee Venanti alipanda bila kuuliza, akalaza fimbo yake juu ya dashibodi, akakigeuza kioo cha katikati akatazama meno yake. Akakiacha hivyo hivyo, kinaangalia meno. Nyuma, Pasikali alipanda juu ya turubai na mkoba wa mzee.

"Tuanze na Munanila," mzee alisema. "Kuna magunia yangu ya tangawizi yanatakiwa yashuke leo."

"Baba, nina nyanya za mtu za Kibondo."

"Nyanya si ng'ombe. Hazitatoroka."

"Zinaoza, baba."

"Kila kitu kinaoza, mwanangu." Alisema kwa upole kabisa. "Kesho tutasomba mawe ya msingi wa nyumba ya kaka yake Kezia. Jumapili utanipeleka kanisani, siku hizi magoti yananisumbua. Na wiki ijayo kuna harusi Buhigwe, bibi harusi ni wa ukoo wetu, nimeshawaambia gari lipo."

Nimeshawaambia. Tharsisi aliliondoa gari uani. Alikuwa hajawahi kuendesha kitu kama kile. Usukani ulikuwa mwepesi kama ungo, matairi yameshika barabara kwa upole na uhakika, na kile kitetemeko cha miaka yote, ambacho alidhani ni tabia ya gari, kumbe kilikuwa ugonjwa, kilikuwa kimepona. Angeweza kulia. Gari lake halikuwahi kuwa zima namna hii, na halikuwahi kuwa la mtu mwingine namna hii.

Walifika njia panda. Kulia, Kibondo. Kushoto, kupita mjini, Munanila. Alisimama kungoja lori lipite, akainua macho kwenye kioo ili atazame nyuma, akakuta meno ya mkwewe. Ikambidi ageuze shingo. Kupitia dirisha dogo la nyuma alimwona Pasikali amekaa juu ya matenga, mkoba kifuani, mgongo umejikunja mkao wa mtu aliyesafiri nyuma ya magari ya wenzake maisha yake yote. Pasikali naye alimwona. Akatabasamu, akagonga paa mara mbili kwa kiganja, akasema kwa sauti ya faraja ya kweli, isiyo na hata chembe ya mzaha:

"Twende tu! Utazoea!"

Lori likapita. Njia ilikuwa wazi pande zote mbili. Tharsisi aliingiza gia ya nyuma.

Mudathiri alikuwa bado anakusanya spana zake aliposikia Mstaafu akirudi uani kinyumenyume.

"Umesahau nini?"

"Nimesahau kukataa."

Alishuka, akachukua jeki, akazunguka hadi upande wa abiria. Hapo alisimama, akainamisha kichwa, kwa sababu adabu ni adabu hata ukiwa umebeba jeki.

"Baba. Umenigabira, nimekushukuru mbele ya watu. Na umenituma. Sasa mbele ya watu hao hao nasema: siendi Munanila. Sijatumika hata siku moja. Nimekosa. Ninyage."

Wauza karanga waliacha kutingisha vikombe vyao. Mzee Venanti alimtazama kwa mshangao wa mtu ambaye mlango wake wa miaka yote umefunguka upande usiojulikana.

"Mimi sinyagi watu," alisema mwishowe. "Sijawahi. Jina langu siyo hilo."

"Basi baki na mtu asiyetumika, baba. Kila siku utaniita, kila siku nitakuamkia vizuri sana, na kila siku sitakwenda. Na gulio hili lote litajua kwamba kuna mtu anavaa ng'ombe wako na hakusikii."

"Ingia kwenye gari, Tharsisi."

"Siwezi, baba. Gari hili silijui ni la nani."

"Ni lako. Nani amesema si lako?"

"Basi kama ni langu, linakwenda Kibondo. Niruhusu niende."

Hapo ndipo kila mtu pale uani alipoona boma lilivyo na pande mbili, linamfunga na mwenye ng'ombe. Akisema nenda, kamba imemtoka mkononi. Akisema usiende, anamwambia mtu gari lake liende wapi, mchana kweupe, jambo ambalo kwa miaka yote hakuwahi kulazimika kulitamka. Alichagua kukaa kimya. Alikaza macho mbele, mikono juu ya magoti, akatulia kitini kama mtu aliyefika kwake.

Tharsisi aliweka jeki chini ya ekseli.

"Mzee yumo ndani!" Mudathiri alimaka.

"Mwache. Mzigo ni nyanya, mzee haongezi uzito."

Alipampu. Mstaafu alianza kuinuka upande mmoja, na Mzee Venanti akainuka nalo, taratibu, kofia ikasogea sikioni.

"Unaninyanyua?" mzee aliuliza, bado akitazama mbele.

"Kidogo tu, baba. Jishike hapo mlangoni. Usishike kamba ya mlango wa dereva, itafunguka."

Mtu mmoja kwenye umati alicheka, akajifanya anakohoa. Mudathiri alitazama mbingu, akasema jambo na Mola wake, kisha akachukua spana akaja kusaidia, maana mikono ya fundi nayo ina malezi yake. Walivua la kwanza, wakaweka mawe. La pili, la tatu, la nne. Kila moja Tharsisi alilifuta vumbi kwa shati lake, akaliegemeza ukutani kwa heshima, uso ukitazama nje. Lilipofika la nne alibaki ameshikilia kidogo kuliko ilivyohitajika. Barabara nzima ya Kibondo ilikuwa kwenye viganja vyake, nyeusi, inanukia upya. Akaliegemeza na lenyewe.

Sasa alikuwa pale pale alipoanzia: juu ya mawe, nyanya nyuma. Kasoro palikuwa na baba mkwe kwenye kiti cha abiria ambaye hashuki.

Alimpigia Hilali akaagiza zile ringi nyeusi na matairi yake ya nusu maisha, zije na basi la alfajiri. Halafu akampigia Bi. Mwamvua. Alimwambia ukweli wote, hakupunguza, na mwanamke yule alitukana kwa dakika nzima bila kurudia tusi. Kisha akavuta pumzi.

"Hapo ulipo pana watu?"

"Watu wamejaa, Bi. Mwamvua. Siku ya gulio."

"Basi unangoja nini, mwanaume? Funua turubai! Uza! Na pesa ya safari yako usahau, hiyo ni faini ya uongo wa 'niko njiani'."

"Nimeisahau."

Akafunua turubai. Wanawake waliokuwa wamekuja kutazama sinema wakaona ni genge. Pasikali, ambaye hakuambiwa ashuke wala abaki, alijikuta anapima sado. Kezia alipiga simu katikati ya pilikapilika hizo. Habari ilikuwa imeshamfikia, kwa kasi ambayo hakuna tairi lililowahi kuifikia.

"Baba Niyo. Ni kweli umemrudisha baba kwenye mawe?"

"Nimerudisha gari. Baba yeye alikuwemo."

"Ameshuka?"

"Bado yumo."

Tharsisi akajiandaa kwa kilio, akajiandaa kwa kuambiwa afungashe virago. Halafu akasikia mkewe anacheka, kicheko alichokiziba kwa kitenge lakini kikatokea pembeni.

"Mungu anisamehe," Kezia alisema. "Atanisema mwaka mzima. Mpe maji anywe, jua kali."

Alimpelekea maji. Mzee aliyapokea kwa mikono miwili, akanywa, akarudisha kikombe. Nje ya dirisha lake mama mmoja alikuwa akibishania nyanya na Tharsisi, anataka sado kwa bei ya huruma kwa kuwa gari limekufa. Tharsisi, aliyezoea kubeba mizigo siyo kuiuza, alikuwa ameshaanza kukubali.

"Mama," sauti ilitoka juu. Mzee Venanti alikuwa ametoa kichwa dirishani, kofia imenyooka. "Hizo ni za Kitanga. Gari ndilo limekufa, nyanya hazijafa. Lipa bei yake."

Mama yule alilipa. Na aliyefuata pia.

Hadi saa tisa matenga kumi na nne yalikuwa yamekwisha. Mlango wa abiria ulifunguka. Gari likiwa juu ya mawe, chini palikuwa mbali, na magoti ya mzee hayakuwa ya kuruka. Alikaa ukingoni, miguu inaning'inia, hana pa kukanyaga. Tharsisi aliona, akaja, akampa bega. Mzee alilishika, akashuka, akanyoosha koti.

"Magunia ya tangawizi," alianza, akakatiza. Alijaribu tena, polepole, kama anayetafuta njia kwenye lugha ya watu. "Hayo magunia. Ukiwa na nafasi. Siku yoyote ile. Nilikuwa nauliza."

"Keshokutwa nitaangalia, baba. Nitakupigia."

"Utanipigia."

"Nitakupigia mimi, baba."

Mzee Venanti alitikisa kichwa, akaweka kofia sawa ingawa ilikuwa sawa. Alitazama matairi yake manne pale ukutani, halafu bajaji ya mizigo iliyokuwa ikingoja langoni.

"Pasikali," aliita. "Pakia."

Pasikali alikuwa amekaa juu ya tenga tupu, nyanya moja kubwa mkononi, ameshaing'ata mara moja. Aliyatazama magurudumu. Akamtazama Tharsisi. Akaitazama nyanya.

"Nakuja, mzee," alisema, na akaendelea kula.